Neno "inadaiwa" halimkingi mwandishi wala msambazaji: niliyoyaona kwenye benchi la mahakama kuhusu kashfa, faragha na habari za kesi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimeandika habari za mahakama hapa Dar es Salaam kwa miaka 11, na siku hizi nawafundisha vijana wanaoanza kazi hiyo. Wiki iliyopita jirani yangu alirusha kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa picha ya kijana aliyefikishwa mahakamani, chini akaandika: "Jambazi lenyewe hili hapa, inadaiwa limeiba bodaboda nne." Nilipomwomba aifute akanijibu, "Si nimeandika inadaiwa?" Watu wazima, wengine viongozi wa mtaa, wakamuunga mkono. Sikulala vizuri usiku ule, ndiyo maana naandika.

Nianze na mtu mmoja. Jina lake silitaji, wala la mahakama, wala la gazeti nililokuwa nalifanyia kazi.

Alikuwa mhasibu wa shule. Alisomewa shtaka la wizi akiwa mtumishi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa benchi siku hiyo. Niliandika kama nilivyofundishwa: jina, umri, makazi, shtaka, wakili wa Serikali, hakimu, amekana, masharti ya dhamana, tarehe ya kutajwa tena. Aya nane. Habari ikafika dawatini, ikapunguzwa, na kichwa cha habari kikaandikwa na mtu ambaye hajawahi kumtia machoni yule mhasibu. Kikasema amekwapua mamilioni ya ada. Hapakuwa na "adaiwa" wala alama ya kuuliza. Asubuhi nilikiona kimebanwa na kibanio cha nguo kwenye meza ya muuza magazeti, watu wameinamia wanasoma bila kununua. Nikaona kosa, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Upelelezi haujakamilika, shahidi hajafika, hakimu kahamishwa, tarehe nyingine. Hukumu ilisomwa Ijumaa moja mchana, mwandishi hakuwepo hata mmoja. Akaachiwa huru. Wiki iliyofuata akaja ofisini kwetu, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na nakala ya hukumu yenye mhuri wa mahakama na kipande cha gazeti letu, kimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo imefuta baadhi ya maneno. Hakuja na wakili wala hakudai hela. Aliomba tuandike kwamba ameshinda. Mhariri wa zamu akamwambia habari ile imeshapitwa na wakati.

Nilimsindikiza hadi getini. Akaniambia mwanawe shuleni wenzake wanamwita Kwapua.

Sasa tuingie kwenye sheria, kwa lugha ya kawaida.

Kashfa ni kuchapisha jambo linalomshushia mtu heshima mbele ya watu wenye busara zao: wamchukie, wamdharau, wamkwepe, au limharibie kazi na biashara yake. Na kuchapisha hakuhitaji mtambo. Ukishamfikishia mtu wa tatu, umechapisha. Statasi, grupu la familia, sauti uliyorekodi ukiwa kwenye daladala, vyote vimo.

Mtu akikushtaki kwa madai ya kashfa, hana mzigo wa kuthibitisha kwamba uliyosema ni uongo. Wewe uliyesema ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ni kweli. Hapo wengi hushtuka. Utetezi unaojulikana ni ukweli, maoni ya haki juu ya jambo lenye maslahi kwa umma, na kinga. Maneno "inadaiwa", "inasemekana" na "chanzo chetu kimetudokeza" hayamo. Kwa misingi tuliyorithi kwa Waingereza, anayerudia uvumi huhesabiwa kama aliyeusema mwenyewe. Huwezi kusimama mbele ya jaji ukasema, "Mheshimiwa, ni kweli watu walikuwa wanasema hivyo." Utatakiwa uthibitishe kile walichokuwa wanakisema.

Basi mbona magazeti yanaandika "anadaiwa" kila siku na hayashtakiwi? Kwa sababu ya kinga ya habari za mahakama. Milango ya mahakama iko wazi ili wananchi waone haki ikitendeka, na kwa kuwa hatuwezi sote kwenda kukaa kwenye benchi, sheria inamkinga anayetuletea taarifa ya haki na sahihi ya yaliyosemwa mle. Wakili wa Serikali akisema mshtakiwa aliiba, nikaandika kwamba wakili huyo amesema hivyo, mshtakiwa hanidai kitu hata akishinda kesi. Neno "anadaiwa" linamwonyesha tu msomaji kwamba hayo ni maneno ya upande wa mashtaka. Kinachonikinga ni kwamba yamesemwa mbele ya hakimu, na mimi nimeyapeleka yalivyo.

Kwa hiyo kinga hiyo inakaa ndani ya chumba cha mahakama. Ukitoka ukakutana na askari kwenye korido akakwambia "huyu ni mzoefu, tunamjua", ukaandika, hayo ni maneno ya korido. Ndugu wa mlalamikaji anayelia chini ya mti pale nje, yale anayoyasema kwa uchungu hayakusemwa kizimbani. Hata hati ya madai iliyopokelewa masijala leo na haijatajwa mbele ya jaji haina kinga ileile ya jambo lililosemwa mahakamani. Nimeona vijana wakipewa nakala na mawakili wa upande mmoja, wakaipiga picha na kuirusha yote, kurasa kwa kurasa.

Halafu kuna hilo la "haki na sahihi", ambalo ndilo kazi yenyewe. Kushtakiwa kwa kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi ni jambo moja, kushtakiwa kwa wizi ni jingine. Mtuhumiwa ni yule ambaye bado yuko mikononi mwa polisi, akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa, na mhalifu ni yule aliyetiwa hatiani. Wapo wanaoyachanganya yote matatu ndani ya aya moja.

Mfano ninaopenda kuwapa vijana ni ile sentensi mnayoisoma kwenye habari za Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, hapa Dar, karibu kila wiki: "Mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo." Maana yake ni kwamba kesi inasubiri kupelekwa Mahakama Kuu, na sheria yenyewe haimruhusu mshtakiwa kujibu hapo. Mtu wa mtandaoni anaichukua anaandika: "Akosa la kujibu." Mwingine: "Abaki kimya mbele ya hakimu." Watu wakisoma wanaelewa kwamba amekubali. Sentensi ilikuwa inamlinda, imegeuzwa imemchafua.

Hivyo hivyo kwenye kutoka. Tarehe 4 Machi 2022, kesi ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake watatu iliisha kwa Mkurugenzi wa Mashtaka kuwasilisha hati ya kutokuwa na nia ya kuendelea na shauri. Siku ile nilisoma mtandaoni "ameshinda kesi", nikasoma "amesamehewa", nikasoma "amehurumiwa". Yote hayakuwa sahihi. Mashtaka yaliondolewa kabla ya hukumu. Kufutiwa mashtaka kwa njia hiyo kisheria hakufanani na kuachiwa huru baada ya hukumu, maana anayefutiwa anaweza kushtakiwa upya. Wala si msamaha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametiwa hatiani. Neno lipo, "amefutiwa mashtaka". Tulitumie.

Na Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Naomba kila mwenye simu yenye kamera aisome.

Naomba kuwasilisha. Maswali nitayajibu kadiri ya uwezo wangu, na mawakili mliomo humu mnisahihishe.

#2 – Mchangiaji, Mwanza

Asante mkuu kwa uzi. Lakini mwizi si ni mwizi? Sisi huku tumeibiwa sana. Mtu kakamatwa na pikipiki yenyewe, tumwite nani? Ukimtetea sana mshtakiwa, aliyeibiwa naye anatetewa na nani?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, pole kwa hayo, na swali lako ni la haki. Aliyeibiwa anatetewa na kesi ikienda vizuri. Mtu akianikwa mtandaoni kabla shahidi hajatoa ushahidi, wakili wake anasimama anamuuliza shahidi: "Ulimtambua mshtakiwa usiku ule, au uliona picha yake kwenye grupu?" Kwenye utambuzi, swali hilo linaua kesi. Gwaride la utambulisho halina maana tena kama sura imeshazunguka simu za mji mzima. Nimeshuhudia kwa macho yangu shahidi akikiri kwamba picha aliiona kwanza kwenye simu ya shemeji yake. Hakimu akainamisha kichwa, akaandika. Sauti ya kalamu tu ndiyo iliyosikika.

Kwa hiyo anayerusha picha anamwumiza hata yule aliyeibiwa.

Na ukisema "fulani amekamatwa, amefikishwa mahakama fulani, ameshtakiwa kwa wizi wa pikipiki, amekana", umesema kila kitu ambacho mtaa unahitaji kujua.

#4 – Mchangiaji, wakili, Arusha

Mleta uzi umeeleza vizuri. Niongeze upande wa jinai, kwa sababu humu watu huulizana sana kama mtu bado anafungwa kwa kashfa.

Hapa mjini kwetu ndipo ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 5 Desemba 2014 ilitoa hukumu ya Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso. Konaté alikuwa mhariri wa gazeti la kila wiki, L'Ouragan. Mwaka 2012 lilichapisha makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa Ouagadougou kwa ufisadi. Akafungwa miezi 12, akatozwa faini ya faranga milioni 1.5, fidia ya milioni 4.5, na gazeti likafungiwa miezi sita. Mahakama ikasema kifungo kwa kashfa ya namna ile kimevuka mpaka na kinakiuka Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Wakati kesi inasikilizwa, kifungo alishakitumikia.

Mwaka 2016 sisi tukapata Sheria ya Huduma za Habari, na ndani yake kashfa ikabaki kosa la jinai. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu wakaipeleka Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko hapa hapa Arusha. Tarehe 28 Machi 2019 ikaamua kwamba vifungu kadhaa, vikiwemo vya 35 hadi 40 vinavyohusu kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Juni 2023 Bunge likapitisha marekebisho, na jinai ya kashfa ikaondolewa kwenye sheria hiyo.

Hapo ndipo watu walipofurahi mapema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 bado ina kifungu cha 16. Mtu anayechapisha kwa njia ya kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kudanganya umma, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Soma tena: *kwa nia ya kukashifu*. Jinai imeondolewa kwa mwenye gazeti, imebaki kwa mwenye simu. Mimi naona hilo ni kosa la kutunga sheria na linapaswa kurekebishwa, kwa sababu kashfa inatosha kuwa kesi ya madai. Lakini leo ndiyo sheria, na lazima watu waijue.

Wazanzibari msichanganye: Sheria ya Huduma za Habari ni ya Bara. Zanzibar magazeti bado yanaongozwa na sheria yake ya 1988.

#5 – Mchangiaji, Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya njia ilipita mahakamani zaidi kuliko bungeni. Tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kashfa ya jinai, ni kinyume cha Katiba. Walalamishi, Jacqueline Okuta na mwenzake, walikuwa wameshtakiwa kwa maandishi ya Facebook. Jaji alisema mtu aliyevunjiwa heshima ana njia ya kesi ya madai, na jela haihitajiki.

Lakini msidhani kesi ya madai ni nyepesi. Desemba 2000 mwanasiasa Nicholas Biwott alipewa fidia ya shilingi milioni 30 za Kenya kwa kitabu kilichomhusisha na kifo cha Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Milioni 30 za wakati ule! 

Na hapa kwetu kuna muda. Kesi ya kashfa inafunguliwa ndani ya miezi 12. Nimeona watu wakikaa na hasira miaka miwili, mitatu, wakija kwa wakili mlango umeshafungwa.

#6 – Mchangiaji, Tabora

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Mleta uzi hukugusa watoto na waathirika wa ubakaji, naomba nikuongezee, kwa sababu huku ndiko ninakoona machozi.

Waandishi wengi wanadhani wakificha jina wamemaliza. Kuna siku habari moja ilitokea sehemu tatu. Redio ikasema mtoto wa miaka 9 amefanyiwa ukatili na baba yake wa kambo. Ukurasa mmoja wa Facebook ukaandika jina la mshtakiwa na mtaa wake. Mtu wa tatu akaweka video ya nyumba, mlango wa bati wa bluu, mwembe mbele, na kanga zimeanikwa. Hakuna hata mmoja aliyetaja jina la mtoto. Jioni ile kila mtu pale mtaani alishajua ni nani, na Jumatatu mtoto hakwenda shule. Tulimhamisha yeye na mama yake. Mama aliacha genge lake la nyanya na vitunguu ambalo ndilo lililokuwa linawalisha.

#7 – Mleta uzi

Dada yangu, asante sana. Hilo la vipande vitatu kukutana ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kila mmoja anajiona msafi.

Sheria ipo na inawahusu wote. Marekebisho yaliyokuja na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ile tunayoiita SOSPA, yaliweka kwamba ushahidi kwenye kesi za aina hiyo unapokewa faraghani, na ushahidi huo na mashahidi hawatangazwi kwenye vyombo vya habari. Ndiyo maana ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani za kesi hizo, mara nyingi mwathirika anaitwa "shahidi wa kwanza" au kwa herufi tu. Majaji watatu wa ngazi ya juu kabisa wanaficha jina, halafu mtu mwenye kifurushi cha mia tano analitangaza.

Chumba chetu cha habari mwishoni kilijiwekea utaratibu ambao nauona ni sahihi mpaka leo. Ikiwa mshtakiwa na mwathirika wana undugu, tunachagua kimoja: tunamtaja mshtakiwa bila kutaja undugu, au tunataja undugu bila kumtaja mshtakiwa. Lakini utaratibu huo unafaa tu kama vyombo vyote vimechagua kimoja kile kile. Kwa hiyo tulikuwa tunapigiana simu na wenzetu wa magazeti mengine tukiwa bado kwenye ngazi za mahakama. Ushindani ulikuwepo, ila kwa mtoto tuliuweka pembeni.

#8 – Mchangiaji, London

Wakuu, sisi tulio huku Uingereza tunaoandika mambo ya nyumbani tunajiona tuko salama. Tukumbuke kesi ya Mengi dhidi ya Hermitage. Sarah Hermitage na mume wake walikuwa na mgogoro wa shamba la Silverdale, Kilimanjaro. Baada ya kuondoka Tanzania alianzisha blogu, akaandika pamoja na mengine kwamba magazeti ya kampuni ya mfanyabiashara Reginald Mengi yaliendesha kampeni dhidi yao. Mzee Mengi akamshtaki kwa kashfa London. Novemba 2012 Jaji Bean alitupilia mbali madai hayo, akakubali utetezi wa yule mama. Alishinda, lakini ilibidi akae kizimbani na kila alichoandika kipimwe neno kwa neno.

Mwaka uliofuata huku wakatunga sheria mpya ya kashfa ya 2013, inayomtaka mdai aonyeshe kwamba heshima yake imepata madhara makubwa au inaelekea kuyapata. Lengo lilikuwa kuzuia kesi zisizo na uzito. Natamani na nyumbani tungekuwa na kipimo hicho.

#9 – Mchangiaji, Mbeya

Swali langu ni picha. Nikimpiga mtu picha barabarani, ni kosa? Barabara si ya wote?

#10 – Mleta uzi

Kupiga ni hatua moja, kuchapisha ni nyingine, na kuchapisha ukiwa umeambatanisha maneno ni ya tatu. Picha ya mama anavuka barabara haina shida kubwa. Ichukue picha ile ile uandike juu yake "wanawake wanaouza dawa za kulevya mjini", umeshamkashifu mtu ambaye hata hukumtaja. Hii hutokea mno kwenye televisheni: habari ni ya ukimwi au ukahaba, picha zinazopita nyuma ni za watu wanaopanda mwendokasi kwenda makazini. Mtu mmoja anajulikana kwa begi lake tu, ndugu wanaanza kupiga simu.

Faragha ni haki ya Kikatiba, Ibara ya 16. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Sura yako ni taarifa yako binafsi. Kenya wameshaanza kutoza: Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na sehemu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja aliyekuwa anaburudika. Wenye shule za chekechea mnaorusha video za mahafali, liangalieni hilo.

Mahakamani, uliza kwanza. Kamera na simu ndani ya chumba ni kwa ruhusa ya hakimu au jaji, na akisema zima, zima. Mtu akifikishwa huku amejifunika uso kwa fulana, kumvua ile fulana ili picha itoke vizuri ni jambo nililoliona likifanywa, na nililaani wakati ule na nalilaani leo.

#11 – Mchangiaji, Morogoro

Mkuu nimesoma uzi wote mwanzo mwisho, nikafika kwa yule mhasibu nikashindwa kuendelea kwa dakika kadhaa. Kaka yangu yamemkuta hayo hayo. Alishtakiwa, akaachiwa huru mwaka jana, lakini ukiandika jina lake kwenye intaneti kitu cha kwanza kinachotokea ni habari ya siku aliyopelekwa mahakamani, ipo kwenye blogu mbili. Ameomba kazi sehemu tatu. Sehemu moja walimwonyesha ile habari kwenye simu palepale kwenye usaili. Tufanye nini? Hatuna hela ya wakili. Jina lake ni

[Sehemu ya mwisho ya ujumbe huu imeondolewa na msimamizi]

#12 – Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Msimamizi, asante kwa kuwahi.

Inawezekana bila wakili kuanza. Kwanza pateni nakala ya hukumu yenye mhuri. Inaombwa kwa barua fupi mahakamani iliposomwa: namba ya shauri, majina ya wahusika, tarehe ya hukumu. Ipelekeni kwa mkono, na ile nakala yenu ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, mkae nayo. Bila hukumu mkononi, hakuna mhariri atakayewasikiliza.

Pili, waandikieni wenye blogu wote wawili barua ya heshima. Msiwatishie. Waambieni habari ya tarehe fulani ilikuwa sahihi siku ile, lakini leo haijakamilika, na mnaomba iongezwe mstari juu kabisa unaosema mshtakiwa aliachiwa huru tarehe fulani na mahakama fulani. Ambatanisheni hukumu. Nimegundua kwamba wengi hukataa kufuta ila hukubali kuongeza, na kwenye intaneti mstari wa juu una nguvu kuliko kufuta, kwa sababu anayemtafuta kaka yako anaukuta palepale. Wapeni siku 14.

Wakikaa kimya, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari na kusuluhisha pande mbili. Ikishindikana huko, ndipo mwende kwenye vituo vya msaada wa kisheria muulize juu ya kesi ya madai na juu ya Tume ya Taarifa Binafsi. Msichelewe, kesi za namna hii zina ukomo wa muda.

Na kwa wenye blogu na kurasa mnaosoma hapa: kila mara ninapoanza kufuatilia kesi naandika kwenye daftari namba ya shauri na tarehe inayofuata, na jina halikatwi mpaka niandike mwisho wake. Nilianza baada ya yule mhasibu. Daftari la kwanza lilikuwa na majina 60 na kitu, na kwa zaidi ya nusu yao tulikuwa tumeandika mwanzo tu. Nilikwenda masijala siku za Jumamosi asubuhi karani akiwa na nafasi, nikawa nafungua majalada moja baada ya jingine. Wengine walikuwa wameshaachiwa muda mrefu. Mmoja alishafariki. Mhariri mpya alinipa safu ndogo ukurasa wa 6, "Hatima ya kesi", mistari mitatu mitatu kwa kila mtu. Jina la mhasibu lilikuwa la kwanza. Nilimpelekea nakala mbili nyumbani, akachukua moja, ile nyingine akasema nimpelekee mwalimu wa darasa wa mwanawe.

Ndugu wa Morogoro, nimekuandikia inboksi. Nitumie huko namba ya shauri na jina la mahakama, nitakuandalia rasimu ya barua kesho jioni. Jina la kaka yako usiliweke humu.